Danieli Mapunda, Afisa wa Mitumbwi Asiyepanda Mtumbwi

Tarehe 30 Juni 2025, Ndugu Danieli Mapunda, Afisa Michezo wetu, anakabidhi filimbi na ufunguo wa stoo ya mipira baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu. Aliingia ofisini akiwa na nywele nyingi na tumbo dogo, na anatoka mambo yakiwa yamegeuka. Wote tuliokusanyika leo hapa Chikongola tunamfahamu kama baba wa mashindano ya mitumbwi ya Mto Ruvuma. Jambo ambalo wengi wetu hatukulifahamu hadi mwanzoni mwa mwezi huu ni kwamba, katika miaka yote hiyo, baba huyo hakuwahi kutia mguu wake ndani ya mtumbwi, hata ule uliolala nchi kavu.

Kabla sijaendelea, niweke jambo moja sawa. Mimi ninayeandika wasifu huu ni Msukuma, na mstaafu wetu ni Mngoni. Sisi ni watani. Kamati ya maandalizi iliponipa kazi hii ilijua inachokifanya, na Mngoni akiona ameonewa apeleke malalamiko yake Songea. Nikimsifu kupita kiasi, ukoo wangu hautanielewa.

Ndugu Danieli alizaliwa katika kijiji kimoja karibu na milima ya Matogoro, huko Songea, ambako Ruvuma unaanza ukiwa kijito ambacho mbuzi anaweza kukiruka bila kujiandaa. Alisomea ualimu, akafundisha kidogo, kisha akasomea michezo. Mwaka 1992 alipangiwa kazi Mtwara, kule mto unakoishia baharini. Kwa hiyo tunaweza kusema aliufuata mto tangu kichwani hadi miguuni, ila alifanya hivyo kwa basi, kupitia Tunduru na Masasi, tena katika kiti cha upande usioonyesha maji.

Miaka ya mwanzo alishughulika na mpira wa miguu na netiboli kama maafisa michezo wote wa dunia hii. Timu ya netiboli ya wasichana wa kata ya Ziwani, ambayo leo kila mtu anajidai aliianzisha yeye, aliianzisha Danieli. Aliwafundisha akiwa amevaa suti kwa sababu siku hiyo alikuwa anatoka kanisani, na alipodaka mpira wa kwanza suruali ilichanika. Wasichana wale sasa ni mama za watu na bado wanamkumbusha.

Mitumbwi ilikuja kwa bahati. Mwaka mmoja alifika Mahurunga, kijiji cha kando ya mto, na mipira miwili mipya na hotuba kuhusu vipaji. Mvua zilikuwa zimeisha, lakini uwanja ulikuwa bado uko chini ya maji, na goli moja lilikuwa limekaliwa na korongo. Danieli aliendelea na hotuba yake. Mama mmoja wa kijiji aitwaye Mwajuma, wakati huo bado kijana mwenye mtoto mgongoni, akamkatiza. "Bwana Afisa," alisema, "umetuletea npira, na uwanja wetu sisi ndo nto. Si ulete nchezo wa ntoni?" Watu walicheka. Danieli naye alicheka, kisha akanyamaza, na wanaomfahamu wanajua kwamba Mngoni akinyamaza baada ya kucheka, kuna kazi inakuja.

Alirudi na kanuni alizoziandika mwenyewe. Kila mtumbwi utakuwa na wapiga kafi wanne. Wanawake watashindana na wanaume bila kupewa nafasi ya mbele. Mshindani atakayempiga mwenzake kwa kafi ataondolewa. Na mbio hazitaanza mpaka mgeni rasmi apulize filimbi. Kanuni tatu za kwanza hazijawahi kutusumbua. Ile ya nne ndiyo iliyotutoa jasho.

Mashindano hufanyika chini ya Mahurunga, sehemu ambayo bahari ikijaa, mto nao hujaa, na bahari ikipwa, mto hujikunja katikati na kuacha tope tupu pembeni. Mwaka wa kwanza mitumbwi ilipangwa mstari, maji yakiwa yamejaa vizuri. Mgeni rasmi alikuwa bado yuko mjini anakunywa chai. Alipofika, akasalimia, akatambulishwa, akasomewa risala, akajibu risala. Aliposhika filimbi, maji yalikuwa yameshaenda zake na mitumbwi yote imekaa kwenye tope. Lakini kanuni ni kanuni. Filimbi ilipulizwa, na watu wazima wakashuka wakaanza kuburuta mitumbwi huku wamezama hadi magotini. Timu ya Abdallah kutoka Kilambo ilishinda, na hadi leo Abdallah huhesabu ushindi ule miongoni mwa vikombe vyake. Ukimwambia hazikuwa mbio za mitumbwi, anakuuliza kama mtumbwi haukuwepo.

Tangu siku hiyo Danieli alibuni utaratibu ambao haumo katika mwongozo wowote wa utumishi. Katika ofisi yetu kukawa na saa ya maji na saa ya mgeni. Saa ya maji waliambiwa wapiga kafi. Saa ya mgeni iliandikwa kwenye kadi ya mwaliko, nayo ilitangulia ile nyingine kwa nusu siku nzima. Mgeni alichelewa kama kawaida yake, maji yakaja kama kawaida yake, na wote wawili wakakutana ufukweni bila kujua kwamba wamepangwa. Mambo yalikwenda hivyo mwaka baada ya mwaka. Wageni wengi walimsifu Danieli kwa jinsi kila kitu kilivyokuwa tayari mara tu walipofika.

Nisisahau habari ya kayaki. Mradi mmoja uliokuja na kuondoka ulituachia kayaki mbili nyekundu, yaani mitumbwi midogo ya plastiki, na Danieli akazipeleka Mahurunga kwa ajili ya mazoezi. Alipokwenda kukagua, aliikuta moja mtoni na nyingine nyuma ya nyumba ya Mwajuma, imejaa maji na muhogo unaolowekwa. Alipomuuliza, Mwajuma alimjibu bila kuacha kumenya: "Hiki nkitaka kielee kinaelea, nkitaka kiloweke kinaloweka. Kiti chako cha ofisini kinafanya kazi ngapi?" Danieli aliandika katika taarifa yake kwamba vifaa vinatumika kikamilifu na jamii. Hakusema uongo. Nimekula ugali wa muhogo ule na sikuona kasoro.

Swali ambalo nyote mnalo sasa ni hili: inawezekanaje mtu asimamie mitumbwi miaka yote hiyo asipande hata mmoja? Inawezekana ukiwa na kipaji cha visingizio. Mwaka huu mgongo unauma. Mwaka ule suruali ni mpya. Mwaka mwingine kipaza sauti hakiwezi kuachwa peke yake, kitaibwa. Lakini kisingizio kilichokaa muda mrefu kuliko vyote kilikuwa cha maadili: kwamba msimamizi akipanda mtumbwi wa timu moja atakuwa amezionea timu nyingine. Kuna kikao kilimpigia makofi kwa msimamo huo. Nilikuwepo, na mimi nilipiga.

Sasa tufike mwaka huu, maana mwaka huu mzaha ulikaribia kuisha. Ofisi iliamua kupunguza ratiba ya michezo ibaki na tamasha moja kubwa la mjini. Mashindano ya mitumbwi yaliwekwa miongoni mwa yale ya kufutwa, isipokuwa kama kiongozi wetu mpya angekwenda kuyaona kwa macho yake na kuridhika. Angetamka palepale, yabaki au yafe. Kwa watu wa Mahurunga hiyo ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo watu wa mjini huja kuwatazama wao, badala ya wao kuja kuwatazama watu wa mjini. Kwa Danieli ilikuwa zaidi ya hapo. Alituambia wazi kwamba kama ni lazima kufuta kitu, tufute sherehe yake ya kuagwa. Tulikataa, kwa sababu mbuzi alikuwa ameshafika.

Danieli aliandaa kila kitu kwa uangalifu, na hapo ndipo alipokosea. Kadi ya mwaliko ilisema saa mbili asubuhi. Maji yalitarajiwa adhuhuri. Hakuna aliyemwonya, kwa kuwa hakuna katika ofisi yetu aliyewahi kufikiri kwamba kiongozi anaweza kufika saa mbili kwa sababu ameandikiwa saa mbili.

Kiongozi wetu mpya alifika saa mbili. Alikuta mbuzi wawili, mitumbwi mitano imelala kwenye tope, na Afisa Michezo akiwa amevaa kandambili na mswaki mdomoni. Mto ulionekana kule mbali, mwembamba. Mheshimiwa aliuliza mbio ziko wapi. Danieli alitoa mswaki akasema zinakuja. Mheshimiwa akauliza zinakuja kutoka wapi, na Danieli akanyoosha mswaki upande wa bahari.

Kilichofuata kilikuwa juhudi kubwa kuliko zote katika utumishi wake. Alimtambulisha kila mtu aliyekuwepo, kisha wale waliokuwa wanafika, kisha akawatambulisha upya wale wa kwanza kwa kuwa walikuwa wamebadilisha viti. Ngoma zilichezwa na kurudiwa. Mgeni aliandaliwa ming'oko, vile viazi vya porini vya kuchemsha, ambayo kila mwenyeji anajua kwamba huwezi kuila haraka hata ukifukuzwa, maana unamenya kidogo, unatafuna kidogo, unamenya tena. Mheshimiwa alimaliza sahani nzima akaomba maji ya kunawa. Mto ulikuwa bado kule kule. Akatazama saa yake, akasema ana shughuli nyingine Ziwani, na akasimama. Nilimtazama Danieli. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama nyumba yake ikiungua na ndoo haina maji.

Hapo ndipo Mwajuma alipoinuka kutoka kwenye mkeka. Mwajuma haogopi itifaki, kwa kuwa hajawahi kuambiwa ni kitu gani. "Mheshimiwa ukae," alisema. "Leo Afisa wetu naye anapanda." Ulikuwa uongo mtupu, na Danieli aliusikia kwa mara ya kwanza pamoja nasi. Mheshimiwa alishangaa: kwani siku zote huwa hapandi? Watu walitazamana, kicheko kikaanzia kwa watoto kikaenda hadi kwa shehe. Abdallah, ambaye hakuulizwa, akamalizia: "Hajapanda hata siku moja. Sisi tulidhani ni sheria ya serikali."

Mheshimiwa alikaa tena. Alisema ataondoka akishamwona Afisa Michezo ndani ya mtumbwi, mtoni, na kafi mkononi. Asipopanda, mashindano yamekufa, kwa sababu kama aliyeyaanzisha hayaamini, yeye mgeni wa jana ayaamini kwa lipi? Waswahili walishasema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Mngoni wetu alikuwa ameyavulia nguo tangu zamani, akabaki amesimama kando anayasifia.

Tukaanza kusubiri maji. Kijiji kizima kiliomba yaje upesi. Mtu mmoja tu, mwenye kipaza sauti, alikuwa akiomba yachelewe. Kila yalipopanda kidogo kwenye tope, watu walishangilia, naye alikunywa maji ya chupa. Mimi, kama mtani wake halali, nilikwenda kukaa karibu na mke wake, Mwalimu Helena, ili nimcheke vizuri. Nikamuuliza kama mumewe anaogopa mamba au viboko, maana Danieli wa kwenye Biblia alikabiliana na simba bila kulalamika.

Helena hakucheka. Aliniambia kwamba Danieli alikuwa na kaka yake mkubwa aitwaye Yohana, na Yohana alichukuliwa na Ruvuma akiwa kijana, siku aliyokuwa anavuka kwenda kutafuta kazi. Hakupatikana. Danieli alipopangiwa Mtwara, mama yao alimwapisha kwamba ataufanyia kazi mto ule akitaka, atakula samaki wake, lakini hatapanda chombo juu yake. Mama ameshafariki. Danieli hakumwambia mtu, kwa sababu aliona ni nafuu kuitwa mwoga kuliko kueleza. Utani ulinikauka mdomoni. Nilimtazama yule mtu na kipaza sauti chake, akihesabu wapiga kafi wa watu wengine kila mwaka wanapoingia na kila mwaka wanapotoka, na nikaelewa kwa nini hakuwahi kuondoka ufukweni kabla mtumbwi wa mwisho haujarudi. Nilimhurumia sana, na Msukuma kumhurumia Mngoni si jambo dogo.

Maji yalipofika kwenye mitumbwi, Danieli alikuja kwa mkewe akiwa amekunja suruali. Helena alimfunga kamba za jaketi la kujiokolea, akamvalisha na la pili juu yake, akamwambia kwa sauti ya darasani: "Mama alitaka urudi salama. Basi panda, na urudi."

Timu ya wanawake wa Mahurunga ina Mwajuma nyuma, Husna, Hawa na Latifa. Latifa alishuka akampisha. Danieli aliingia mtumbwini akiwa amefumba macho, na kwa sababu hiyo alikaa akiwa ametazama nyuma. Mwajuma alimgeuza kama chapati. Mheshimiwa akapuliza filimbi. Mitumbwi minne iliondoka. Wa tano ulizunguka mahali pamoja, kwa sababu mpiga kafi mmoja alikuwa ameshikilia kingo za mtumbwi kwa mikono yote miwili na kafi lake lilikuwa linaondoka peke yake kuelekea Msumbiji. Husna alilidaka. Danieli alipolipokea alipiga pigo lake la kwanza maishani, likatua mgongoni kwa Hawa. Kwa kanuni yake mwenyewe alipaswa kuondolewa papo hapo. Msimamizi hakuwepo ufukweni kumwondoa.

Kisha wale wanawake wakaanza kuimba wimbo wao wa Kimakonde wa kupigia kafi, taratibu, kama wanamfundisha mtoto kutembea. Katikati ya mto Danieli alifumbua macho. Sisi tuliokuwa ufukweni tulimwona akiinama, akipiga kafi pamoja na wenzake, upande mmoja, tena, na tena. Hakuna aliyemcheka tena. Abdallah na timu yake walikuwa wameshamaliza, wameshuka, na walikuwa wanakula, lakini hata wao waliacha kula. Mtumbwi wa Mahurunga ulifika wa mwisho, na ulipofika Mheshimiwa alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini na viatu vyake vya ngozi, bila habari.

Alitamka palepale kwamba mashindano yanabaki. Akaongeza kwamba mwakani apewe saa ya maji, maana hiyo nyingine amekwisha kuielewa. Kelele zilizopigwa Mahurunga sijawahi kuzisikia hata siku ya mpira wa watani wa jadi.

Danieli hakushangilia. Wenzake walishuka, yeye akabaki amekaa. Aligeuka akatazama juu ya mto, kule unakotokea, akasema maneno machache kwa Kingoni. Mimi Kingoni sijui, na Helena, aliyekuwa analia na kucheka kwa pamoja, hakunitafsiria. Mwajuma alimwambia ashuke, mbio zimekwisha. Akamjibu, na hilo tulilisikia sote bila kipaza sauti: "Bado. Nizungusheni tena."

Wakamzungusha. Na Jumamosi iliyofuata alirudi Mahurunga, wakamzungusha. Na iliyofuata hiyo. Wale tuliodhani anastaafu ili arudi Songea akalime mahindi tumeambiwa na Helena tuache kudhani, kiwanja kimepatikana, tena kinachotazama maji.

Ndugu Danieli, ofisi inakushukuru kwa netiboli, kwa mipira, kwa wasichana wa Ziwani na kwa watu wa Mahurunga ambao mwakani tutakwenda tena kuwatazama. Inakushukuru kwa kila mpiga kafi uliyemhesabu hadi akarudi. Sisi wenzako tunakupenda, na kwa kuwa haya yanaandikwa na Msukuma, ujue yametoka kwa shida. Uishi miaka mingi, wewe na Mwalimu Helena, mkiwa na afya, wajukuu na maji ya kutosha. Jambo moja tu limebaki, na limeletwa rasmi ofisini na mwenyewe, ambaye tangu siku ile anakaa ufukweni kila Jumamosi akisubiri zamu isiyofika. Kiti chako cha ofisini umekiacha bila ubishi, Mngoni. Sasa na nafasi ya Latifa mrudishie.

Witness Mabula
Kwa niaba ya watumishi wenzako